Sindano ya Miezi Mitatu: Ya Msuli au ya Chini ya Ngozi?

Sindano ya kupanga uzazi, ambayo wengi huiita Depo, ni miongoni mwa njia zinazotumiwa zaidi nchini Kenya. Siku hizi iko ya aina mbili, na akina mama huuliza ipi ina nguvu zaidi. Somo hili linaeleza tofauti zake ili ufikapo kliniki, iwe Lurambi, Malava, Butere au Khwisero, uchague pamoja na mhudumu ukiwa unajua.

Dawa ni moja, njia ni mbili

Aina zote mbili zina homoni ileile, ambayo huzuia yai lisitoke.

- Ya msuli: miligramu 150 katika mililita 1. Mhudumu wa afya huidunga ndani ya msuli wa mkono au wa tako.
- Ya chini ya ngozi: miligramu 104 katika mililita 0.65. Huja ikiwa imeshajazwa katika kifaa kidogo chenye sindano fupi. Hudungwa tumboni au mbele ya paja. Mwanamke aliyefundishwa anaweza kujidunga mwenyewe.

Usidhani kwamba dozi ndogo ni dhaifu. Dawa iliyowekwa chini ya ngozi huingia mwilini polepole, kwa hivyo kiasi hicho chatosha kwa miezi 3. Zote mbili hukinga sawa.

Kinachoamua ni tarehe

Wanawake 100 wakitumia sindano kwa mwaka mzima bila kuchelewa hata mara moja, watakaopata mimba hawafiki mmoja. Katika maisha ya kawaida hupata takriban 4. Tofauti hiyo hutokana hasa na sindano iliyochelewa au kurukwa: nauli ya boda imekosekana, mtoto ameugua, palizi ya miwa imebana, au dawa imeisha kituoni.

Utafiti uliofanywa Malawi na kuchapishwa mwaka 2018 uliwafuata wanawake 731, wote wakitumia sindano ya chini ya ngozi. Baada ya miezi 12, kati ya kila 100 waliojidunga, 73 walikuwa wanaendelea. Kati ya kila 100 waliodungwa na mhudumu, walioendelea walikuwa 45. Dawa ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni safari ya kwenda kituoni.

Jiulize maswali haya

1. Kituo kiko mbali, au kazi yako hukuzuia kufika? Ya kujidunga itakupunguzia safari. Uliza kama inapatikana kituoni kwako na ni nani atakufundisha.
2. Una mahali pakavu pa kuiweka, mbali na watoto, jua na moto? Haihitaji friji. Kama huna, au hungependa ionekane nyumbani, ya kituoni yakufaa zaidi.
3. Unaogopa kujidunga? Si aibu. Mhudumu anaweza kukudunga aina yoyote kati ya hizi mbili.

Ukijidunga, fuata ulivyofundishwa: nawa mikono, kagua tarehe ya mwisho ya dawa, tikisa kifaa vizuri na usisugue mahali ulipodunga. Kifaa kilichotumika kitie katika mkebe mgumu wenye kifuniko, kisha ukirudishe kituoni. Usikitupe chooni wala kwenye takataka.

Kuhesabu tarehe

Ukidungwa tarehe 10 Januari, inayofuata ni tarehe 10 Aprili, kisha 10 Julai na 10 Oktoba. Ukiwa na safari, waweza kudungwa hadi wiki 2 mapema, yaani kuanzia tarehe 27 Machi. Ukichelewa, Shirika la Afya Duniani huruhusu udungwe hadi wiki 4 baadaye, yaani tarehe 8 Mei. Muda huo ni wa dharura, usiuzoee. Ukipita, tumia kondomu na umwone mhudumu ahakikishe huna mimba kabla ya kudungwa tena.

Kabla ya kuamua

Mweleze mhudumu ukweli wote kama umewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au moyo, kama una shinikizo la juu la damu, unatokwa na damu isiyojulikana chanzo, au unanyonyesha mtoto ambaye hajafikisha wiki 6.

Hedhi inaweza kubadilika: matone ya mara kwa mara, damu nyingi, au kukoma kabisa. Damu kukoma kwa sababu ya sindano si ugonjwa, wala haikusanyiki tumboni. Wengine huongeza uzito. Ukiacha, uwezo wa kushika mimba hurudi, ila huenda ukachukua miezi kadhaa, hata karibu mwaka. Anayetaka mtoto hivi karibuni afikirie njia nyingine.

Sindano haikingi VVU wala magonjwa mengine ya zinaa. Palipo na hatari, tumia kondomu pia.

Jipime

1. Jirani anasema ya chini ya ngozi ni "nusu dozi". Utamjibuje?
2. Ulidungwa tarehe 5 Februari. Sindano inayofuata ni lini?

Jibu la swali la pili ni tarehe 5 Mei. Sasa fungua kadi yako ya kliniki, uhesabu tarehe yako mwenyewe na uiandike mahali utakapoiona kila siku.