Kilo Zimepungua, Karani Yuko Matatani

Korosho za chama chetu cha ushirika (AMCOS) hapa Newala zimefika ghala kuu zikiwa pungufu. Bodi inataka karani wa mizani aondoke leo leo. Inaruhusiwa?

Leo, hapana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri athibitishe sababu ya haki na utaratibu wa haki. Upungufu peke yake si wizi. Korosho iliyopokelewa ikiwa na unyevu hukauka na uzito wake hushuka, gunia huchanika njiani, mizani nayo hudanganya. Anzeni na stakabadhi za wakulima, daftari la ghala na hati za usafirishaji, muone kilo zimepotelea wapi. Karani akiwa na la kujibu, mpeni tuhuma kwa maandishi na muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Aje na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Kikao kiongozwe na mtu asiyehusika na sakata lenyewe. Vyama vidogo vya ushirika hujikwaa hapa: mwenyekiti ndiye mlalamikaji, ndiye shahidi, ndiye hakimu.

Ni kosa lake la kwanza. Onyo halitoshi?

Kwa kuchelewa kazini, linatosha. Lakini Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinataja udanganyifu mkubwa kati ya makosa yanayoweza kumwondoa mtu hata mara ya kwanza. Aliyeghushi stakabadhi ya mkulima simtetei. Aliyekosea kujumlisha ni mtu mwingine kabisa.

Kesi yake iko mahakamani tayari. Tumfukuze?

Subirini. Kifungu cha 37 cha Sheria ile ya 2004 kinazuia adhabu kwa kosa lile lile mpaka mahakama imalize, rufaa ikiwemo. Mnaweza kumsimamisha, ila kwa mshahara kamili. Bodi zinazokimbilia polisi kwa hasira huligundua hili mwisho wa mwezi.

Mimi ni karani, Masasi. Walinikata mshahara kufidia hasara, kisha wakanifukuza bila kunisikiliza.

Pole sana. Makato ya hasara yana masharti: waeleze sababu kwa maandishi, wakupe nafasi ya kupinga, na wasivuke robo ya mshahara. Kama ulikuwa umefanya kazi miezi sita au zaidi, peleka mgogoro wa kufukuzwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, mkoani Mtwara, ndani ya siku 30 tangu uachishwe. Usingoje msimu uishe. Cheti cha utumishi ni haki yako hata ukishindwa. Kiinua mgongo ndicho anachokosa aliyeondolewa kihalali kwa utovu wa nidhamu.