Onja Kahawa Yako: Somo la Kupika Kahawa Nzito na Kahawa ya Maziwa Nyumbani

Safari hii tutaanzia jikoni, lakini mwisho tutajikuta shambani.

Nilikuwa nimetembelea kikundi kimoja cha akina mama na wazee upande wa Fort Ternan. Tulikaribishwa vizuri, tukaletewa chai ya maziwa. Nikauliza, "Ni wangapi hapa wanalima kahawa?" Karibu mikono yote ikainuka. Nikauliza tena, "Ni wangapi wamewahi kunywa kahawa ya shamba lao wenyewe?" Kimya. Mwishowe mzee mmoja akainua mkono nusu, akasema, "Mimi nilizoea kahawa nikifanya kazi Mombasa. Lakini hii yangu, hapana. Hii ni ya kupeleka kiwandani."

Watu wakacheka. Lakini mimi nilienda nyumbani nikiwaza. Wanunuzi wa Nairobi hupewa sampuli ya kahawa kabla ya mnada. Wanaikaanga, wanaipika, wanaionja, ndipo wanataja bei. Aliyeipanda, akaipalilia na kuichuma ndiye peke yake hajui ina ladha gani. Sasa tujiulize: mtu anaweza kubishana juu ya bei ya kitu asichokijua?

Tulifikaje hapa?

Mwaka 1893 wamisionari Wafaransa walipanda kahawa kule Bura, Taita. Baadaye ikawa zao la mashamba makubwa ya walowezi, na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika alizuiwa kuilima. Ruhusa ilianza kutolewa miaka ya 1930, tena kwa vishamba vidogo, katika sehemu kama Kisii na Meru. Kwa hivyo tangu mwanzo kahawa ilikuwa mali ya kusafirishwa. Jikoni kwetu ikaingia chai.

Pwani ni tofauti. Kule Mombasa na Lamu watu wamekunywa kahawa chungu vizazi na vizazi. Inachemshwa mpaka iwe nzito, mara nyingi na tangawizi, inawekwa ndani ya dele juu ya makaa, na kunywewa katika vikombe vidogo pamoja na kashata. Ndiyo ile mzee wetu alizoea.

Espreso ni nini?

Vijana wetu waliofika mjini wameona kwenye mikahawa maneno espreso, kapuchino na late. Wanadhani ni vitu vya ajabu. Kumbe ni kahawa, maji na maziwa tu.

Espreso ni kahawa ya Kiitaliano, nyeusi, kidogo, nzito. Maji ya moto yanasukumwa kwa nguvu kupita katika kahawa iliyosagwa laini. Mwaka 1901 Luigi Bezzera wa Milano aliomba hati ya kutambua mashine yake ya kazi hiyo. Mwaka huo huo reli iliyopita hapa Fort Ternan ilifika Kisumu.

Mashine za leo husukuma maji kwa nguvu ya bar 9 hivi. Ili uelewe, gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa bar 2 tu. Gramu 7 za kahawa hutoa kikombe kidogo cha mililita 30 kwa muda wa sekunde 25 hadi 30, na juu yake kuna povu la rangi ya dhahabu.

Tuseme ukweli: bila mashine huwezi kupata povu lile. Lakini kahawa nzito yenye ladha nzuri unaweza kuipata kwa sufuria na kitambaa.

*Onyo:* Mtu asijaribu kutengeneza mashine yake kwa kufunga mkebe au kuziba tundu la sufuria ya mvuke. Mvuke uliofungwa hulipuka, na maji yake huchoma vibaya sana.

Hatua ya 1: Kutayarisha punje

Chukua kiasi kidogo cha cheri, mbivu na nyekundu tu. Zitie kwenye ndoo ya maji. Zinazoelea ziondoe, ni hafifu. Zilizozama zimenye kwa mkono. Punje zina utelezi, kwa hivyo ziache katika ndoo safi usiku mmoja au zaidi kidogo, mpaka ukizisugua zisikie kama changarawe. Osha kwa maji safi mara mbili tatu.

Anika juu ya wavu ulioinuliwa, si chini kwenye udongo. Geuza mara kwa mara, funika usiku na wakati wa mvua. Baada ya wiki moja hadi mbili, uma punje moja: ikibonyea bado ina maji, ikiwa ngumu imekauka. Twanga polepole katika kinu ili lile ganda jeupe litoke, kisha pepeta kwa ungo. Chagua kwa macho. Punje nyeusi, iliyotobolewa na mdudu au yenye harufu ya kuoza, tupa. Punje moja mbovu inaweza kuharibu kikombe kizima.

Hatua ya 2: Kukaanga

Hapa niungame. Mara ya kwanza tulipofanya somo hili nilikaanga mimi mwenyewe, nikawa na maneno mengi kuliko macho. Ikaungua yote. Moshi ulijaa jiko, na mama mwenye nyumba akasema kwa upole, "Mwalimu, hii tumpe nani?" Basi jifunzeni kwa makosa yangu.

Tumia sufuria nzito iliyo kavu, isiyo na harufu ya vitunguu wala mafuta. Moto uwe wa wastani. Weka punje kidogo, zifunike chini ya sufuria tu. Koroga bila kuacha. Punje zitatoka rangi ya kijani, ziwe za manjano na harufu ya mkate, kisha kahawia. Baada ya dakika kama 10 utasikia mlio, pa, pa, kama bisi. Huo ni mlio wa kwanza. Endelea kukoroga dakika moja hadi tatu, mpaka ziwe na rangi ya kahawia iliyokolea. Ukisikia mlio wa pili, mwembamba na wa haraka, umefika mwisho. Kutoka hapo ni makaa.

Mwaga mara moja kwenye ungo, ipungie upepo ipoe na maganda membamba yaruke. Ikipoa kabisa, weka katika mkebe wenye mfuniko. Ngoja siku moja kabla ya kuitumia, na imalize kabla ya wiki tatu. Saga ile ya siku hiyo tu, maana kahawa iliyosagwa hupoteza harufu haraka.

Hatua ya 3: Kupika kahawa nzito

Twanga au saga mpaka iwe kama sukari ya dukani. Kwa vikombe viwili vidogo, chukua vijiko vikubwa 3 vya kahawa na nusu kikombe cha chai cha maji.

Chemsha maji. Sisi tunaoishi zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari tuna bahati: maji yetu huchemka karibu digrii 95, na kahawa hupenda digrii 90 hadi 96. Mimina maji juu ya kahawa, koroga mara moja, funika kwa dakika 4. Chuja kwa kitambaa safi cha pamba kilichochemshwa kwanza, na ukikamue kwa kijiko. Kichujio cha chai peke yake hakitoshi, kitaacha machicha.

Kikundi chenye uwezo kinaweza kununua birika dogo la alumini la Kiitaliano liitwalo moka, lililobuniwa na Alfonso Bialetti mwaka 1933. Maji hukaa chini, yasipite vali ya usalama. Kahawa hukaa katikati, usiishindilie. Weka kwenye moto mdogo, na ikianza kukoroma, ondoa. Nguvu yake haifikii ile ya mashine, lakini kahawa yake ni nzito na safi.

Hatua ya 4: Maziwa

Hapa sisi watu wa ng'ombe hatuhitaji kufundishwa sana. Tumia maziwa mapya. Yaliyoanza kuchacha yatakatika katika kahawa, na mursik tuiache ikae na ugali wake.

Chemsha kwanza, kwa sababu maziwa mabichi huweza kuleta ugonjwa wa brusela na kifua kikuu. Kisha yaache yapoe kidogo, mpaka digrii 60 au 65, yaani unaweza kuyanywa bila kuungua lakini bado ni moto hasa. Kutengeneza povu, yapekeche kwa kipekecho safi ukizungusha kati ya viganja, dakika moja au mbili. Usitikise maziwa ya moto ndani ya chupa iliyofungwa. Mfuniko unaweza kuruka.

Sasa changanya:

- *Kapuchino:* kahawa nzito kikombe kidogo kimoja, maziwa kiasi hicho au zaidi kidogo, na povu nene juu. Jina limetoka kwa rangi ya kanzu ya watawa Wakapuchini.
- *Late:* kahawa nzito kikombe kidogo kimoja, maziwa mara tatu au nne yake, na povu jembamba.
- *Ya kwetu:* kahawa nzito, maziwa, na kipande cha tangawizi kilichochemka pamoja na maji.

Onja kwanza kabla ya kutia sukari. Ukizoea kuficha ladha, hutaijua.

Tahadhari za afya: mama mjamzito asizidishe vikombe vidogo viwili kwa siku, na watoto wasipewe. Tena usinywe kahawa wala chai pamoja na chakula, maana huzuia madini ya chuma ya mboga na maharagwe yasiingie mwilini vizuri. Ngoja kama saa moja.

Yale tuliyoyaona siku ile

Mara ya pili tulileta mikebe miwili. Wa kwanza ulikuwa na kahawa ya cheri nyekundu tupu. Wa pili ulikuwa na mchanganyiko: mbivu, za kijani, na zilizokaukia mtini, yaani kama vile wengi huchuma wakiwa na haraka. Tulipika zote kwa njia moja, bila kusema ipi ni ipi.

Ya kwanza ilikuwa na utamu na uchachu mwepesi kama wa tunda. Ya pili ilikwaruza ulimi kama nyasi na ikaacha uchungu kooni. Mama mmoja aliweka kikombe chini akauliza, "Kumbe hii ndiyo tunapeleka kiwandani?" Hakuna aliyemjibu. Kila mtu alijua anachukua debe la namna gani.

Ndipo mzee wa Mombasa akasema, "Kiwandani zangu na zako zinamwagwa pamoja. Nikichuma mbaya, nimekunywesha wewe."

Hapo ndipo kuna maana ya somo hili. Bei ina mambo mengi ambayo mkulima peke yake hawezi kuyabadilisha. Lakini uchumaji uko mikononi mwetu. Na aliyeonja anaweza kusimama katika mkutano wa ushirika akauliza kuhusu ubora wa kahawa yao, na akaelewa jibu.

Hesabu ya kikundi

Kilo 7 za cheri hutoa karibu kilo 1 ya kahawa safi. Ikikaangwa hupungua, inabaki kama gramu 800. Ukitumia gramu 10 kwa kikombe, ni vikombe 80. Andikeni ubaoni mlilipwa ngapi kwa kilo 7 msimu uliopita. Kando yake andikeni bei ya kikombe kimoja mjini, mara 80. Bila shaka kati ya namba hizo mbili kuna kazi, kuni, maziwa, usafiri na kodi za watu wengi. Lakini zitazameni pamoja.

Hapa tumezungumzia kiasi kidogo cha kunywa nyumbani. Kusafirisha na kuuza kahawa kuna sheria na vibali vyake. Kabla ya kuuza hata pakiti moja, ulizeni chama chenu cha ushirika na ofisi ya kilimo ya kaunti.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini sisi tunaolima kahawa hatuinywi?
2. Ni nini hutufanya tuchume zisizoiva? Ni haraka, wizi, uhaba wa watu wa kuchuma, au madeni?
3. Tunaweza kukubaliana nini kama kikundi kabla ya msimu kuanza?
4. Ni maswali gani matatu tutayauliza katika mkutano mkuu wa ushirika?

Kazi ya nyumbani

Kila mmoja alete gramu chache za kahawa ya shamba lake, iliyokaangwa. Pikeni, onjeni bila kutaja majina, na mwandike mnachosikia ulimini. Asiyefaulu asione haya. Mimi niliunguza sufuria nzima, na somo likaendelea.