Kabla ya Kupiga Hodi: Mchoro wa Vichocheo kwa Timu Zinazotembelea Familia

Kati ya mwaka 2010 na 2013, wanavijiji waliojitolea katika mikoa ya Lindi na Mtwara walipita nyumba kwa nyumba chini ya mradi ulioitwa Mtunze Mtoto Mchanga. Walimtembelea mama mara 3 wakati wa ujauzito na mara 2 siku za mwanzo baada ya kujifungua. Mambo kadhaa yaliboreka, ukiwemo usafi kwa waliojifungulia nyumbani na unyonyeshaji wa siku za mwanzo. Lakini watafiti walipolinganisha vifo vya watoto wachanga katika kata zenye mradi na zile zisizo nao, hawakuona tofauti ya kutegemewa.

Matokeo hayo hayamaanishi kwamba ziara za nyumbani ni kazi bure. Yanatulazimisha kuuliza swali ambalo timu nyingi hulivuka haraka: kati ya hodi ya mhudumu na uhai wa mtoto, kuna nini na nini hapo katikati? Kuna zahanati yenye mkunga au isiyo naye, nauli ya bodaboda usiku, na bibi mwenye kauli ya mwisho nyumbani. Mchoro wa vichocheo ni njia ya kuyaweka yote hayo kwenye karatasi moja kabla hamjaamua la kufanya.

Mchoro huu hutumika sana katika kazi za kuboresha huduma. Nchini Marekani, serikali kuu ilianzisha mwaka 2010 mpango wa kufadhili ziara kwa familia zenye wajawazito na watoto wadogo, na tangu 2013 timu za majimbo mbalimbali zimekuwa zikijifunza pamoja kwa kutumia michoro ya aina hii, kila mada na mchoro wake: unyonyeshaji, sonona ya akina mama, ukuaji wa mtoto, na namna ya kuzifanya familia ziendelee na mpango. Kwetu pia uboreshaji wa huduma ulishafika hadi vijijini. Mradi wa EQUIP, uliofanyika Tandahimba nchini Tanzania na Mayuge nchini Uganda kati ya 2011 na 2014, uliwashirikisha watu wa kijiji wenyewe pamoja na vituo vya afya na wilaya.

Mahitaji ni machache: bango kitita, kalamu nzito, na watu wanaoifahamu njia ya kwenda kwenye nyumba hizo. Waiteni wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mkunga wa zahanati, na akina mama wawili watatu waliojifungua karibuni. Mchoro uliochorwa na maofisa peke yao hupendeza kwenye ripoti, lakini huyakosa mambo ambayo mama angeyasema kwa sentensi moja.

Kushoto kabisa andikeni lengo. Liwe na idadi, na tarehe, na lieleze ni kina nani. Tuchukue mfano wa kujifunzia: "Ifikapo 31 Desemba, watoto 8 kati ya kila 10 wanaozaliwa katika vijiji vyetu vinne watatembelewa ndani ya siku 3 za mwanzo, leo ni 4." "Kuboresha huduma kwa mama na mtoto" si lengo, maana hakuna siku mtakayoweza kusema mmelifikia au mmelikosa.

Safu ya pili ni vichocheo vikuu, yaani mambo ambayo yasipokuwepo lengo halifikiwi. Kwa mfano wetu vinatosha vitatu: mhudumu ajue kwamba mama amejifungua, aweze kufika, na akaribishwe ndani. Jizuieni msiandike kumi. Safu ya tatu inavunja kila kichocheo vipande vidogo, na ya nne, kulia kabisa, ni mawazo ya mabadiliko, yaani vitendo mtakavyovijaribu. Unganisheni kwa mistari. Kitendo kisichounganika na kichocheo chochote hakina kazi kwenye mchoro huo, hata kama mfadhili anakipenda.

Kichocheo cha kwanza ndicho chenye mengi, na ninaomba mkikalie kwa muda mrefu. Mhudumu huwa na orodha ya wajawazito, lakini tarehe ya makadirio inakosewa, mama anahamia kwao kujifungua, simu ya mume inazimwa, na zahanati inamruhusu mama bila mtu wa kijijini kwake kujulishwa. Kila kimoja ni kipande cha safu ya tatu, na kila kimoja kina dawa yake. Katika ziara ya mwezi wa nane wa ujauzito mhudumu aulize, "Utajifungulia wapi, na ukitoka hapo utapumzika kwa nani?" Aandike namba mbili za simu, ya mume na ya mtu atakayemuuguza mama. Mkunga atume ujumbe mfupi mama anaporuhusiwa. Kama mama anaenda kijiji kingine, mhudumu wa huko ajulishwe mapema.

Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kuandika "uzembe wa wahudumu" kama kichocheo. Ulizeni kwa nini hakwenda, na mara nyingi mtakuta mto uliofurika, posho iliyochelewa au eneo kubwa kuliko miguu ya mtu mmoja. Wa pili ni kujaza safu ya nne neno "mafunzo". Semina haimsaidii mtu ambaye hakupata taarifa kwamba mtoto amezaliwa.

Mchoro ukishakamilika bado ni dhana tu. Chagueni wazo moja na mlijaribu kwa udogo: mhudumu mmoja, akina mama watatu, wiki chache. Pangeni, tekelezeni, chunguzeni kilichotokea, kisha amueni kama mnaliendeleza, mnalirekebisha au mnaliacha. Huenda mkagundua kwamba ujumbe wa mkunga haufiki kwa sababu zahanati haina vocha. Heri kulijua hilo kwa akina mama watatu kuliko kwa wilaya nzima.

Kila mwezi wekeni nukta moja kwenye grafu rahisi: kati ya watoto waliozaliwa, wangapi walifikiwa ndani ya siku 3. Chini ya mgawanyo waingie watoto wote waliozaliwa, hata wale ambao habari zao zilichelewa, la sivyo mtajipongeza kwa kuwahesabu mliowaona tu. Mwezi mmoja mzuri hauthibitishi kitu. Kanuni inayotumika sana ni kusubiri nukta 6 au zaidi mfululizo upande mmoja wa mstari wa kati, yaani mstari unaozigawa nukta zenu nusu juu na nusu chini, ndipo mseme hali imebadilika kweli.

Ongezeni kipimo kingine cha kulinda ubora, kwa sababu mtu akidaiwa idadi anaweza kuchungulia mlangoni na kuondoka. Hesabuni pia ziara ambazo mhudumu alimtazama mtoto akinyonya, akahesabu pumzi zake kwa dakika nzima, na akamwelekeza zahanati alipoona dalili ya hatari: mtoto kushindwa kunyonya, degedege, pumzi 60 au zaidi kwa dakika, kifua kubonyea ndani, mwili kuwa wa moto au wa baridi sana, au kulegea. Fuatilieni pia kama aliyeelekezwa alifika na akahudumiwa. Bila hilo, tunarudi palepale pa Lindi na Mtwara, ambapo ziara zilifanyika na vifo havikupungua kwa namna iliyoweza kuthibitishwa.

Suala hili lina uzito zaidi sasa. Mwaka 2023 Kenya iliwapa vifaa vya kazi wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, na Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano. Watu wengi hivyo wakitumwa majumbani bila kuonyeshwa kila ziara inalenga kubadilisha nini, tutakuwa tumewachosha wao na familia.

Andikeni tarehe kwenye kona ya mchoro na mwubandike mahali mnapokutania. Baada ya miezi mitatu uchukueni tena mkiwa na grafu mkononi. Futeni mistari ambayo majaribio yameikana, ongezeni mliyojifunza kwa akina mama, andikeni tarehe mpya. Ule wa zamani utunzeni kwenye faili, ili mhudumu atakayejiunga mwakani aone ni nini kilishajaribiwa na kwa nini kiliachwa.