DHIKI YA MOYO IINGIAPO CHUMBANI

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewaumba mume na mke ili kila mmoja apate utulivu kwa mwenziwe. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baad.

Vijana hufundishwa vyuoni namna ya kuoga janaba kabla hawajaoa, na hilo ni jema. Lakini ni wachache wafundishwao la kufanya siku ambayo hapana janaba ya kuoga: mume yu mzima, mke ni halali yake, mlango umefungwa, na juu ya hayo hawaendeani. Jambo hili huwapata wengi. Kwa ajili ya haya hufichwa, na kwa kufichwa huvunja nyumba. Darasa hii yaeleza sababu yake moja iliyo kubwa, nayo ni dhiki ya moyo. Kisha hukumu zake, kisha dawa yake.

Na kwanza lijulikane neno. Waswahili wasemapo *hamu* wakusudia shauku ya kukitaka kitu. Lakini kwa Kiarabu *hamm* ni mashughuliko yaukaliayo moyo kwa sababu ya jambo liogopwalo. Basi tazama ajabu ya neno moja kuitwa vitu viwili ambavyo kimoja humfukuza mwenziwe: ikikaa hamm ya Waarabu, hamu ya Waswahili huondoka.

Mfano wa Bukoba na Muleba

Watu wa pwani waijua Bukoba kwa kahawa yake. Nchi hiyo i magharibi ya Ziwa Viktoria, na Muleba i kusini yake. Wenyeji wake ni Wahaya, na miongoni mwao wamo Waislamu wengi. Huko mali ya mtu ni kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni liizungukalo nyumba, alilolirithi kwa babaye. Kibanja ndicho chakula chake, ndicho heshima yake, na humo ndimo walimozikwa wazee wake.

Katika mwaka 2006 maradhi ya mnyauko wa migomba yalionekana mara ya kwanza katika Tanzania, na mahali penyewe palikuwa Muleba. Majani hugeuka manjano, ndizi huiva kabla ya wakati wake, na ndani yake huoza. Hayana dawa ya kumponyesha mgomba. Uliopatwa hung'olewa, na panga lililoukata husafishwa kwa moto au kwa dawa lisije likaambukiza mwingine. Basi mtu huamrishwa kuing'oa kwa mkono wake migomba aliyoachiwa na babaye.

Wako na wengine ambao kwa shida huuza kahawa ingali changa mtini, kwa bei duni, ili wapate fedha ya haraka. Na biashara hiyo huko huitwa butura. Na katika madhehebu ya Imamu Shafi'i haijuzu kuuza matunda kabla ya kudhihiri kufaa kwake, ila kwa sharti ya kuyakata papo hapo. Basi mwenye kuingia katika butura hubeba ubaya wa muamala na uzito wa hasara pamoja.

Kisha Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, zikiwa zimesalia siku chache kufika Idi ya Kuchinja, ardhi ya Bukoba ilitetemeka kwa nguvu ya 5.9. Watu wasiopungua 17 walikufa, mamia waliumia, na nyumba nyingi zilianguka au zilipasuka kuta. Watu walilala nje kwa khofu ya kutetemeka tena, wazee na watoto mahali pamoja. Hata walioporudi ndani, wengine walilala wakiitazama nyufa ya ukuta. Je, mwenye kulala na macho yake ukutani, moyo wake u wapi?

Namna dhiki ifanyavyo kazi

Achukuliwe mtu mmoja wa Muleba, si fulani wala fulani, bali ni mfano tu. Migomba yake imeng'olewa, ana deni la duka, na mwanawe ametakiwa vifaa vya skuli. Usiku mkewe ameoga, amejitia manukato, amekuja ubavuni pake. Mume ajaribu, mwili usimtii. Mke amwuliza, "Bwana, una nini?" Amjibu, "Sina kitu. Lala." Akageukia ukutani.

Hapo kila mmoja hufanya tafsiri yake gizani. Mke husema moyoni, "Amepata mwingine," au, "Nimezeeka." Mume husema moyoni, "Uanaume wangu umekwisha." Na wote wawili wamekosea. Usiku wa pili mume huja na khofu mpya juu ya ile ya zamani, yaani khofu ya kushindwa tena. Na khofu hiyo peke yake yatosha kumshinda. Usiku wa tatu hukawia barazani hata ajue kwamba mke amelala. Ukipita mwezi, mke amehamia kwa watoto. Ukuta umejengwa katikati yao, na hapana aliyeutaka.

Matabibu wameeleza sababu yake. Mtu akiogopa, mwili wake hujitayarisha kupigana au kukimbia: moyo hupiga mbio, mishipa ya damu hujikaza, na usingizi huruka. Na tendo la ndoa lataka kinyume cha hayo, kwa kuwa damu haifiki mahali pake ila mishipa ilegee, na mishipa hailegei ila moyo utulie. Mwili hauwezi kukimbia simba na kustarehe katika saa moja. Na mwili haupambanui baina ya simba na deni. Mwanamke naye ni vivyo hivyo. Akiwa na khofu shauku yake hupotea, na tendo laweza kumtia maumivu.

Basi mwenye kupatwa na hayo asidhani kuwa amerogwa, wala asidhani kuwa hampendi mkewe. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiomba sana hifadhi kwa Mwenyezi Mungu, na katika dua aliyoipokea Anas alitaja hamm na huzuni, kisha akafuatisha kushindwa, na akataja uzito wa deni. Mwenye kuzingatia mpango huo ataona kwamba moyo kulemewa na mwili kushindwa ni majirani.

Hukumu zake

*Mas-ala ya kwanza: Je, mume apata dhambi kwa udhaifu huo?* La. Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu lisilo katika uwezo wake. Mashafi'i wamesema kwamba tendo lenyewe ni haki ya mume, lakini ni karaha kumwacha mke akakaa bila ya kuendewa, kwa kuwa naye ana nafsi yapasa ihifadhiwe na haramu. Imamu Ghazali amesema katika Ihyaa kwamba uadilifu ni kumwendea mara moja katika kila masiku manne, huzidi na hupungua kwa kadiri ya haja yake mke. Na mume akiapa kwamba hatamkaribia mkewe zaidi ya miezi minne, hiyo ndiyo iilai iliyotajwa katika Sura ya Al-Baqara. Ikipita miezi minne mke ana haki ya kudai arejewe au aachwe. Tofauti i wazi: aliyeshindwa ana udhuru, na mwenye kumsusa mkewe makusudi hana.

*Mas-ala ya pili: Mume asiyeweza kabisa tangu kuolewa mke.* Huyu huitwa *inniin*. Mke akimshitaki, kadhi humpa mume muhula wa mwaka mzima. Wanachuoni wameeleza hekima yake, kwamba katika mwaka hupita misimu yote, ya joto na ya baridi, ya ukavu na ya unyevu. Na ikiwa udhaifu ni wa kupita, utapita. Mwaka ukiisha na hali ni ile ile, mke ana khiyari ya kuvunja ndoa. Ama aliyekwisha kumwingilia mkewe katika ndoa hiyo hata mara moja, kisha akadhoofika, ndoa haivunjwi kwa sababu hiyo. Tazama namna sharia isivyofanya haraka. Ikiwa kadhi amengoja mwaka, vipi mume ajikatie tamaa kwa mwezi, au mke amhukumu kwa wiki?

*Mas-ala ya tatu: Mke naye akiwa katika dhiki.* Mke mgonjwa, au ambaye tendo lamdhuru, ana udhuru, wala hawi naashiza. Na aliyefukiwa nyumba yake, au aliyekesha na mtoto anayelia, amebeba khofu ile ile aliyoibeba mume. Imamu Ghazali ametaja katika adabu za ndoa kwamba mume atangulize maneno mazuri na busu, na akimaliza haja yake asiondoke mpaka mke naye apate yake. Ikiwa hiyo ni adabu ya siku za raha, siku za dhiki yapasa zaidi.

*Mas-ala ya nne: Waliolala nje kwa nyumba kuanguka.* Tendo haliruhusiwi mbele ya macho ya watu. Watangoja mpaka wapate sitara. Lakini kungoja tendo si kungoja maneno, wala si kungoja wema.

Dawa yake

Dawa ya kwanza, nayo ndiyo mama wa dawa zote, ni kusema. Wanaume wengi hudhani kwamba kumficha mke dhiki ni ushujaa. Na waangalie mwendo wa aliye bora kuliko wote. Wahyi ulipomjia mara ya kwanza katika pango la Hiraa, Mtume alirejea hali moyo wake watetemeka. Hakwenda kwa rafiki, wala kwa ami yake. Alikwenda kwa mkewe Bibi Khadija akataka afunikwe, na khofu ilipomtoka akamweleza yaliyompata, na kwamba alijikhofia nafsi yake. Naye Bibi Khadija akamtuliza na akamkumbusha wema wake. Na mwaka wa sita wa Hijra, katika Hudaibiya, sahaba walipokawia kuchinja na kunyoa kwa huzuni iliyowapata, Mtume aliingia kwa Bibi Ummu Salama akamweleza aliyoyaona kwa watu. Akapata kwake shauri, akalifuata, na mambo yakatengenea. Basi ni mwanamume gani aliye mkubwa wa heshima kuliko Mtume hata aone aibu kumwambia mkewe, "Naogopa"?

Dawa ya pili ni kukaa karibu bila ya kudai. Wako watu ambao wakisha kutawadha huwakimbia wake zao, kwa kuwa katika madhehebu yetu mume kumgusa mke hutengua udhu. Hukumu ni kweli. Lakini udhu uliotenguka hurejeshwa kwa kata moja ya maji, na moyo wa mke uliovunjika haurejeshwi kwa pipa. Amshike mkono, walale pamoja, na usiku huo lisitakwe jingine. Mara nyingi khofu ya kushindwa ikiondoka, nguvu hurudi yenyewe.

Dawa ya tatu ni kuupa mwili haki yake. Salman alipomzuru Abu Dardaa alimwona mkewe hajipambi, na sababu ni kwamba mume alifunga mchana na kusimama usiku, asiwe na haja na mke. Salman akamwambia kwamba Mola wake, nafsi yake na ahli zake wana haki juu yake, na ampe kila mwenye haki haki yake. Na Mtume akamsadikisha Salman. Ikiwa ibada haikuwa udhuru, kukesha na kuhesabu madeni hakuwi udhuru.

Dawa ya nne ni kumwona tabibu udhaifu ukidumu. Maradhi ya sukari na ya shinikizo la damu huleta hali hii, na baadhi ya dawa za shinikizo huizidisha; wala mtu asiiache dawa yake bila ya kumwuliza tabibu. Na ajihadhari na vidonge vya kutia nguvu viuzwavyo njiani, kwani mwenye kutumia dawa za moyo za namna ya naitreti akivimeza, damu yake yaweza kushuka ghafla akafa.

Na yako mambo mawili ya kuepukwa. Moja ni kuyapeleka ya chumbani barazani, kwani Mtume amemhesabu katika watu waovu mno mume amwendeaye mkewe kisha akaitangaza siri yake. La pili ni kuoa mke mwingine ili ajijaribu. Huyo hajaondoa dhiki, ameipangia nyumba ya pili.

Khatima

Na turejee kwa yule mtu wa Muleba. Usiku mmoja asema, "Mama watoto, si wewe. Ni deni, na ni kibanja. Nikifumba macho naiona migomba." Mkewe amjibu, "Deni nalijua, bwana, tangu siku mwenye duka aliponinyima sukari. Nililokuwa silijui ni kama wanitaka bado." Deni halikupungua hata senti usiku ule, wala mgomba mmoja haukufufuka. Lakini ulianguka ule ukuta waliojijengea wenyewe, na waliokuwa wakiogopa wakiwa wawili mbali mbali, waliogopa pamoja. Na khofu ya wawili walio pamoja ni nusu ya khofu.

Mwenyezi Mungu amewafananisha mume na mke na nguo, kila mmoja ni vazi la mwenziwe. Na nguo huvaliwa siku ya baridi zaidi kuliko siku ya jua. Mwenye kusoma darasa hii akiwa na neno alilomficha mkewe, na amwambie usiku huu kabla hajazima taa. Wallahu aalam.