Nani Atuchagulia Wimbo?

Huko Lisekese, mjini Masasi, kama katika miji mingi ya nchi yetu, simu ya mkononi imekuwa mgeni asiyeaga. Kijana afungua YouTube kutafuta wimbo mmoja wa kwaya. Ukiisha, mwingine waanza wenyewe, na baada yake mwingine tena. Saa nzima ikipita, mwulize ni upi alioupenda: hana jibu. Amesikia nyimbo kumi na mbili, na katika hizo alichagua mmoja tu.

Yafaa wazazi wafahamu jinsi mambo haya yaendavyo, maana hapana uchawi ndani yake. Mtambo huweka hesabu: umetazama nini mpaka mwisho, umeacha nini katikati, na wenzako waliotazama kama wewe walitazama nini baadaye. Kwa kanuni ziitwazo algoriti hukisia kitakachokushika. Neno ni hilo, kukushika; kwa kuwa wenye mtambo hulipwa na watangazaji wa biashara, na kadiri ukaavyo ndivyo uonyeshwavyo matangazo. Hatusemi kwamba ni watu waovu. Mwenye duka naye hupanga mbele bidhaa zitokazo upesi. Tena, kwa njia hiyo hiyo, kwaya ya Masasi yaweza leo kuisikia kwaya ya Bukoba, na hilo ni jema. Lakini hesabu ya dakika haisemi sababu. Aliyetazama ugomvi kwa uchungu na aliyeutazama kwa furaha, dakika zao ni zile zile.

Zaidi ya hayo, mtambo hupendekeza yale tu yaliyotiwa ndani yake. Wimbo wa Kimakua au wa Kiyao ambao bibi huuimba akibangua korosho, ikiwa hakuna aliyeurekodi, kwa mtambo huo haupo duniani. Mtoto aliyelelewa na mapendekezo peke yake atauona mgeni, na pengine duni, si kwa sababu aliusikiliza akaukataa, bali kwa sababu hakuletewa. Jambo hili latutia hofu kuliko picha chafu, ambazo kila mzazi ajua kuzikemea.

Watu wa Kusini wamekwisha kuyaona yanayofanana na haya. Wachongaji wa Kimakonde waliokwenda Dar es Salaam walikuta wanunuzi wenye matakwa yao, na mpingo mwingi ukachongwa kwa sura zilizouzika jana. Hata hivyo, katika miaka ya 1950, Samaki Likankoa alianza kuchonga mashetani, sura zilizopindana ambazo wanunuzi hawakuwa wamezizoea. Zilipopendwa, nazo zikaigwa kwa wingi. Soko lilijua kuomba tena lililokwisha kuliona. Sura mpya ilitoka kwa mchongaji.

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, uliwakumbusha wasomaji, watazamaji na wasikilizaji kwamba nao wana wajibu wa kuchagua. Mwaka huo huo Padre Stephen Mbunga wa Peramiho alitoa kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Wengi wakati ule waliimba walizoletewa kutoka Ulaya, wala si vibaya. Yeye alikaa akachunguza sheria yaruhusu nini, na muziki wa kwao una nini. Kupenda kwake kulikuwa na sababu ambazo aliweza kuzieleza.

Basi, katika nyumba zetu, zimeni kile kitufe kiendeshacho nyimbo zenyewe. Wimbo mmoja usikilizwe mara tatu, kila mtu aseme alichokipenda, na baba pia aseme. Maana mzazi atazamaye mieleka mpaka usiku wa manane hana uso wa kumkataza mwanawe. Walimu wa kwaya nao, kabla ya kufundisha wimbo kwa kuwa umeenea, waulize kama parokiani hakuna aliyetunga wake akauweka daftarini. Na bibi aombwe kuimba, mwenye simu aurekodi wimbo huo, maadamu bibi angali nasi.