Samaki wa Mombasa

Wapendwa wanandoa, tuseme mmelipwa pesa za kahawa huko Runyenjes, na mwezi wa Agosti mkapanda basi hadi Mombasa kuadhimisha miaka 20 ya ndoa. Baba amechagua hoteli ya samaki kando ya bahari. Changu analetwa mkavu, ananuka, na bei yake inatisha. Mama anasema, "Afadhali tungekula githeri yetu nyumbani." Baba ananyamaza mpaka Nairobi.

Mama alisema juu ya samaki. Baba alisikia kwamba yeye ndiye hafai. Lalamiko linalompasa mhudumu usimtupie mwenzako. Mwiteni mhudumu, mwambieni kwa heshima, aondoe sahani. Nawe baba, ni vigumu kiasi gani kusema, "Mama watoto, pole, nilitaka ufurahi"?

Tena sisi watu wa mlimani hatujui majira ya bahari. Agosti ni kusi: upepo ni mkali, ngalawa nyingi hazivuki mwamba, na samaki wabichi huadimika. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari hutulia zaidi. Kabla ya kuagiza, ombeni kumwona samaki mwenyewe: macho yang'ae, matamvua yawe mekundu. Nendeni kumtazama nyote wawili.