Nilivyotengeneza Peugeot yangu bila kudai bima

Mwezi uliopita nilikuwa narudi rivasi na Peugeot 504 ya marehemu baba, ile pikapu ninayopelekea mizigo ya wateja wa mtandaoni, nikagonga nguzo pale Ngokolo Mitumbani. Ubavu ukaingia ndani, taa ya nyuma kwisha. Nikajisemea, si nina bima kubwa? Walipe!

Jioni nikashika daftari. Fundi kataka 480,000. Kwa mkataba wangu, 300,000 za mwanzo ni juu yangu (ndiyo eksesi hiyo), kwa hiyo bima ingenipa 180,000. Nikidai, mwakani nakosa punguzo la kutodai, kwangu ni 140,000. Inabaki 40,000! Na gari haliguswi mpaka mkaguzi aje, huku nakodi Kirikuu kila mzigo.

Kilichonitisha zaidi ni thamani. Gari la zamani bima inalihesabu kwa bei ya sokoni, siyo kwa unavyolipenda. Matengenezo yakikaribia bei hiyo wanaweza kulifuta: unapewa hela, gari linaondoka. La baba? Hapana.

Nikalipa mwenyewe. Ila taarifa ya ajali niliipeleka kwa wakala siku ileile, kwa maandishi. Na ningegonga mtu, nisingethubutu kumalizana kienyeji. Leo mnaelewana, kesho anakuja na bili ya hospitali.

Wewe wa bima ndogo, hiyo inamlipa uliyemgonga tu. Bodi lako utalipia mwenyewe.

Taa bado naitafuta. Mwenye ya 504 aje inboksi.